Sanduku Lililolelewa Kibumba

Kabla ya kuingia darasani, Prof alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni, nusu ya mwili nje, na kuuliza: "Mumezoea?"

Nasi, watu sabini kwenye madawati ya watu arobaini, tukajibu kwa sauti moja: "Tumezoea, Prof!"

Hapo alikasirika kwelikweli. "Mutu mwenye amezoea, ubongo yake iko inalala!" Kesho yake aliuliza tena, nasi tukajibu vilevile, kwa sababu tulikuwa tumezoea. Jambo hilo liliendelea mwaka mzima, na mpaka leo sijui kama alitambua kwamba ulikuwa mchezo.

Alitufundisha biolojia. Hapa Goma kila mwalimu wa sekondari anaitwa Prof, hata kama chuo kikuu alikipita kwa nje tu, lakini yeye jina hilo lilimkaa mwilini kama lile koti lake la kahawia. Koti hilo alilivaa jua liwake, mvua inyeshe, na siku ambazo volkano inatutemea vumbi jeusi. Mtu aliyetuhubiria kwamba ubongo uliumbika ili utambue mabadiliko hakubadilisha koti kwa miaka yote niliyomjua. Nilipomwuliza, alijibu kwamba anaupumzisha ubongo wa wengine.

Majina yetu hakuyashika kamwe. Alitujua kwa mahali tulipokaa. Mimi nilikuwa Benchi ya Tatu, na Benchi ya Tatu nimebaki, ingawa sasa ni mama wa watoto wawili na ninaheshimika mtaani Himbi, ambako kazi yangu ni kuhudumia paneli za jua na mitambo ya redio kwenye maofisi. Siku moja aliniita hivyo katikati ya mkutano wa ofisi, mbele ya wageni wenye tai. Niliitika "Présent, Prof!" kabla sijajizuia.

Somo lake kubwa, alilolirudia hadi mitihani ikamchoka, lilikuwa habari ya nyumba. Wanaoijua Goma wataelewa upesi. Lava ilipopita mjini, ilikauka ikiwa imefika kwenye madirisha. Watu hawakubomoa. Walisawazisha jiwe, wakaongeza ukuta juu ya ukuta, na kilichokuwa sebule kikawa shimo la kuteremkia kwa ngazi. Nyumba ya Prof mwenyewe ilikuwa hivyo: juu vyumba vitatu vya mbao na mabati, chini, ngazi nane, sebule ya zamani.

"Ubongo njo vile," alisema, njo yetu ikiwa ndiyo ya wengine, akichora ubaoni. "Haibomolaka kitu. Inaongezaka tu."

Chini kabisa alichora chumba kinachoshughulika na pumzi na moyo, ambacho samaki anacho, chura anacho, na mkuu wa mkoa anacho. Juu yake akaweka hofu, njaa na mapenzi. Juu kabisa akaweka veranda, ambamo Kifaransa na aljebra hukaa wakijiona wao ndio wenye nyumba. Mwenzetu mmoja aliandika kwenye mtihani kwamba samaki hana veranda, na Prof akampa sifuri. Samaki anayo, alisema, ila ni ndogo. Kila kiumbe amekarabati vyumba vyote kadiri ya shida zake, na mabomba yanapita kote kote. Mchoro wake ulikuwa wa kutuanzishia tu. Tulilalamika kwamba hakutuambia mapema kuwa mchoro wake ni uongo. Akasema hata sisi hatukumwuliza.

Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya parokia, macho yamefumbwa. Padri mmoja kijana alimwuliza anawezaje kufundisha mageuzi ya viumbe Ijumaa na kuimba Gloria siku ya Bwana. Prof alimjibu kwamba Mungu ni fundi mwashi wa Goma, anajenga juu ya kilichopo. Padri alicheka, kisha akaanza kulitumia neno hilo kwenye mahubiri yake kama lake mwenyewe. Prof alinung'unika wiki mbili.

Sasa nije kwenye jambo lililomnyima raha. Katika ile sebule ya chini aliishi mama yake. Sote tulimwita Koko, yaani bibi. Na chini huko, kwenye nyufa za mawe ya Goma, hutoka ile gesi nzito tunayoiita mazuku. Haina rangi, haina harufu unayoweza kuitegemea, na hutulia mahali pa chini kama maji kwenye beseni. Inaua mbuzi, inaua mbwa, na mtu aliyejilaza sakafuni haamki. Prof aliyajua hayo kuliko yeyote mtaani, na mama yake mzazi alikuwa amelala juu yake.

Alimsihi Koko apande juu. Koko, zaidi ya miaka themanini, mwembamba, kitambaa kichwani na rozari mkononi, alimtazama kama mtoto anayeomba sukari.

"Lava yenyewe ilinikuta humu ikashindwa," alisema. "Leo nikimbie hewa?"

Prof alinivuta pembeni akaniambia kwamba siku ya lava Koko ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia, na alimpita yeye njiani. Lakini hilo hakuthubutu kulisema kwa sauti.

Kwa muda alitumia mshumaa, kama wafanyavyo wengi: kila asubuhi aliteremka na kuushusha mpaka sakafuni, maana palipo na mazuku moto huzimika. Koko aliuvumilia siku nne. Siku ya tano akaupuliza mwenyewe. "Miye sijakufa, na unaniwashia mishumaa asubuhi yote. Watu watakuja na mikeka ya kilio!" Mshumaa ukapigwa marufuku. Ndipo Prof akaja kwangu Himbi.

Mkononi alikuwa na karatasi alizochapishiwa na mtu, zimekunjika kwa kusomwa. Zilieleza kuhusu wahandisi wanaounda vipande vya kompyuta kwa kuiga neva. Alikuwa na furaha kama aliyesikia ndugu yake wa mbali amepata kazi.

"Benchi ya Tatu, sikia. Hizi mashine zao kubwa zinaomba bwawa nzima ya umeme juu ya kutambua paka. Imbwa ya jirani yangu inamutambua paka na mufupa moja!"

Ubongo wa mtu, alinikumbusha, unafanya kazi yake yote kwa nguvu ya balbu ndogo, na nguvu hiyo anaitoa kwenye foufou na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu. Siri yake ni kwamba neva haisemi kama hakuna habari. Inanyamaza, inakusanya kidogo kidogo, na ikijaa inapiga mara moja tu, kisha inanyamaza tena. Hayo yote aliyaeleza kwa saa moja na nusu bila kupumua. Neva zake mwenyewe nadhani zilikuwa za aina nyingine.

Nilimwambia kuna vifaa vya dukani vya kupimia gesi. Alikataa. Vinakula betri, alisema, na umeme wetu unakuja unapopenda. Alitaka kitu kinacholala mpaka kuwe na habari. Alitaka neva.

Basi tukaiunda. Kihisi cha gesi nilikitoa kwenye mashine mbovu ya ofisi moja, kwa ruhusa. Mengine yalikuwa vipande vidogo vya redio. Ukitaka kuelewa jinsi sanduku lile lilivyofanya kazi, fikiria bidoni ya maji, yaani dumu, yenye tundu dogo chini. Maji yakiingia polepole, yanavuja, na bidoni haijai. Yakiingia kwa kasi, bidoni inajaa, inapinduka, na kupinduka huko ndiko kengele. Tuliweka bidoni kama hizo kadhaa, zikisikilizana. Halafu, kwa kuwa Prof hakuvumilia kitu kisicho na akili, tukaongeza sehemu ya kujifunza: sanduku likae mahali mwezi mmoja, lijue hewa ya kawaida ikoje, ndipo lianze kulinda. Na hata baadaye liendelee kujirekebisha taratibu, kama sisi tunavyoacha kusikia saa ya ukutani.

Mimi ndiye niliyelipeleka kujifunza, na hapa kosa ni langu. Nililiweka chini, kwenye chumba cha Koko, sakafuni kando ya kabati. Niliona ni jambo la akili kabisa: mlinzi azoee lango lake. Prof alinipongeza. Tulikuwa wawili, wenye vyeti viwili, na hakuna aliyewaza zaidi.

Mwezi ukaisha. Taa ndogo ya kijani ikawaka: sanduku limehitimu. Prof alinunua soda, Koko akalinyunyizia maji ya baraka.

Baada ya wiki moja hivi, Koko aliteremka kutoka misa ya asubuhi akakuta kuku wake aliyekuwa anaatamia kwenye kona, amekufa juu ya mayai, shingo imelala. Kando ya kabati taa ya kijani inawaka, na sanduku liko kimya. Prof alimpandisha mama yake mbio, akafungua madirisha, kisha akanipigia simu. Nilifika nikamkuta Koko ameketi ngazi ya juu, kuku mapajani.

"Mashine yenu imeona kuku yangu anakufa," aliniambia. "Ikanyamaza, sawa vile Leta." Leta kwetu ni serikali.

Nilitamani jiwe la Goma lifunguke upya linimeze. Ningemuua yule bibi kwa mikono yangu hii, tena nikiwa na furaha na soda. Prof hakunilaumu. Alikaa siku mbili bila kusema neno, jambo ambalo mtaa mzima ulilizungumzia. Siku ya tatu alifika Himbi asubuhi, koti limefungwa vifungo visivyolingana.

"Tumeilea mahali mubaya," alisema. "Imezaliwa ndani ya sumu, ikaambiwa njo hewa. Inajua nini ingine?"

Kisha akacheka kwa uchungu. "Miaka yote nawauliza mumezoea, mumezoea. Na miye mwenyewe nimezalisha mutoto wa Goma kabisa."

Aliamua sanduku lisomeshwe upya, na lisomeshwe mbali. Alikuwa na shemeji Kibumba, kaskazini mwa mji, mlimaji wa kabichi, kwenye ubaridi na upepo. Huko, alisema, hewa ni hewa. Kibumba ilikuwa na matatizo yake mengine, ya bunduki, lakini sanduku halikuwa na masikio. Alipanda pikipiki nalo kifuani ndani ya koti. Kwenye kizuizi karibu na Kibati askari walimsimamisha wakauliza amebeba nini.

"Mwanafunzi," alijibu.

Mimi nilikuwa kwenye pikipiki ya nyuma, na nilitamani kugeuza. Wakamwambia aeleze vizuri. Akaeleza vizuri. Alianzia kwa viumbe vya baharini ambavyo havina kichwa, vina neva tu zilizotapakaa mwilini, akaja kwa minyoo, akaja kwa samaki, na alipofika kwa chura mkubwa wao alisema, "Muzee, pita. Tafazali, pita."

Sanduku lilikaa kwa shemeji mwezi mzima, kwenye dirisha linaloelekea mashamba. Shemeji alisema lilikuwa mgeni mzuri kuliko wote aliowahi kutumiwa kutoka mjini, maana halikula.

Liliporudi Goma lilianza kulia kabla hatujashuka kwenye pikipiki.

Lililia barabarani kwenye moshi wa malori. Lililia jikoni kwa Prof, makaa yalipowashwa. Alilipeleka shuleni kulionyesha, na mlango wa darasa ulipofungwa, pumzi za wanafunzi zikajaa, likalia mpaka mkuu wa shule akaja. Jumapili alilificha chini ya kiti cha kwaya, nadhani kwa udadisi tu. Kanisa likajaa, na padri alipofika katikati ya mahubiri, sanduku likapiga kelele kama limechomwa. Padri akanyamaza. Waumini wote wakamgeukia Prof. Yeye akasimama na kutangaza, kwa ile sauti yake ya besi, kwamba mashine haina kosa, ni sisi ndio tumezoea.

Na bila shaka lililia chini kwa Koko. Lililia kutwa. Bibi alianza Salamu Maria na hakuweza kuimaliza. Siku mbili tu, akachukua godoro lake, picha ya Bikira, na beseni, akapanda ngazi nane kwa miguu yake mwenyewe.

"Kama ile kitu iko chini, miye niko juu," alisema.

Hivyo sayansi ilimwokoa Koko. Hakuwa na hofu ya gesi hata chembe, alikimbia kelele. Prof alisimulia kwa watu kwamba hatimaye mama amekubali ushahidi, nami sikumwaibisha.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tumeliunda vizuri. Sanduku liliendelea kujirekebisha, taratibu, kama tulivyolitaka. Wiki ya tatu lililia asubuhi tu. Wiki ya tano lililia kanisani tu. Mwezi wa pili likanyamaza, taa ya kijani, raia kamili wa mji. Na Koko, aliyekuwa akilisikiliza kutoka juu kuliko sisi sote, akaanza kukunja godoro. "Imenyamaza. Hewa imekuwa muzuri. Narudi kwangu."

Nilimwambia Prof dawa ni rahisi: nikate waya mmoja, ile sehemu ya kuzoea ife, na sanduku likumbuke Kibumba milele. Tuligombana. Alisema ubongo usiozoea kitu ni ugonjwa, kwamba hata macho yangeacha kuona kama yasingezoea mwanga. Nikamwambia sitetei ubongo, natetea mama yake. Akalichukua sanduku na kulirudisha kwa shemeji likakumbuke. Alifanya safari hiyo mara tatu, mzee wa miaka sitini na kitu, na kila mara Koko alibaki juu akisubiri lirudi, lilie, kisha linyamaze tena. Halafu njia ya kaskazini ikafungwa, kama inavyofungwa. Mimi nikahamia Butembo kwa kazi, na kwa zaidi ya miaka miwili nilikuwa na salamu za simu tu. Kila nilipouliza habari za sanduku alijibu, "Inafanya kazi kabisa." Nilishangaa, lakini nilikuwa mbali, ningefanya nini?

Mwaka huu nimerudi. Nilikwenda kumwona mchana mmoja, mvua imetoka kukatika. Aliponiona mlangoni aliuliza, "Umezoea?" Nikasema hapana, akafurahi. Amekonda, na koti sasa linambeba yeye. Koko alikuwa kwenye kiti chake karibu na ngazi, mdogo kuliko kitambaa chake. Sanduku lilikuwa juu ya rafu. Tuliongea. Prof alisinzia kidogo katikati ya sentensi yake mwenyewe, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Kisha Koko akashika mkono wa kiti, akasimama, akageukia ngazi za chini, na sanduku likalia.

"Bado hewa ni mubaya, Mama," alisema Prof, macho yamefunguka.

"Basi," alisema Koko, akaketi.

Lakini mimi ni fundi. Nilisikia kengele ile haiji na mdundo wake wa zamani, ule wa bidoni kujaa na kupinduka. Taa ya kijani haikuwaka. Waya mwembamba ulishuka nyuma ya rafu, ukapita chini ya kapeti, ukaishia kwenye kiatu cha Prof. Ndani ya sanduku hakukuwa na neva hata moja. Mamilioni ya miaka ya mageuzi, mwaka mzima wa kazi yangu, na mlinzi alikuwa kitufe cha kengele ya mlango. Prof aliona ninapotazama. Alinikazia macho kama zamani mtu alipotaka kumnong'onezea mwenzake jibu la mtihani. Nikatazama pembeni.

Baadaye alitoka kuniletea soda dukani. Alichukua muda kufika barabarani. Nilimsikia akikohoa njia nzima. Koko akaniita nisogee. Kisha akasimama, polepole, akageukia ngazi. Sanduku kimya. Akanitazama.

"Unaona? Akiwa inje, hewa iko muzuri."

Nilimwuliza tu alijua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza. Miye njo nilimuzaa, nisijue muguu yake?"

"Sasa kwa nini huteremki, Koko?"

Aliketi, akavuta rozari mapajani. "Mutoto wangu amezeeka. Anasinziaka pale kwa kiti, kichwa inaanguka. Siwezi kumuamusha bure, atasema niko namuchunga. Basi nasimama. Ikilia, najua angali muzima."

Prof akarudi na soda mbili, akapumua kwa nguvu, akajitupa kwenye kiti chake. Nilimwona akitafuta mahali pa mguu chini ya kapeti. Akaanza kunieleza jambo kuhusu nyuki, ubongo wao mdogo na ramani kubwa wanayobeba, na sauti yake ikapungua, kidevu kikashuka kifuani.

Koko alingoja kidogo. Kisha akashika mkono wa kiti, akasimama. Kimya. Akabaki amesimama, mkono umebana rozari, nami nikajikuta nimesimama pia.

Kengele ikalia.

"Bado ni mubaya, Mama," alisema Prof.

"Aya," alisema Koko, akaketi, akaendelea na rozari yake pale alipoishia.